Umeme Haurudi Wenyewe

Jumapili, tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sijambo ya mdomoni najua unayo, mimi nataka ile ya kweli. Barua yako nimesomewa. Mistari minne. Mtu kakaa nje mwezi mzima, mwezi umeisha hakuja, halafu anaandika mistari minne: mimi mzima, kazi nyingi, wasalimie watoto, kwaheri. Hata mbuzi akilia hulia kwa kirefu zaidi ya hapo.

Anayeandika ni mke wako kama kawaida. Mimi nasema, yeye anafukuzana na kalamu. Nimemkataza kunirembesha. Nikisema mjinga, aandike mjinga. Wala usiniambie habari za simu. Maneno ya simu yanapita sikioni kama upepo wa mlangoni. Ya barua naamuru yasomwe tena na tena mpaka yatoe jasho.

Hapa nyumbani tupo. Mkubwa wako wa kike kapanda darasa, sasa anatusahihisha wote tukisema. Wa kati kang'oka jino akalificha, anaogopa tukijua amekua tutamwongezea kazi. Mdogo anamwita baba kila mwanaume mwenye kofia ngumu, kwa hiyo rudi kabla hajapata baba wengi. Paa la jikoni lilivuja, nimepanda mwenyewe nikaliziba. Usigombe, nimeshashuka.

Sasa lililonikalisha hapa. Dereva wa lori la nguzo alisimama Alhamisi kuomba maji. Ananiambia, "Pole, Bibi, kwa yule Mrefu." Pole ya nini? Akadhani najua. Akasema Mrefu kaungua juu ya nguzo, yuko hospitali kubwa. Nimehesabu, leo Jumapili ni siku ya tisa.

Mrefu huyu huyu ninayemjua? Mliyepanda naye nguzo miaka kumi na moja, anayekula kwangu kila mkipita na laini ya umeme, anayeingia mlangoni kwangu kainama kama anatafuta sindano? Siku tisa, na wewe mistari minne.

Niambie. Usinipondee maneno kama chakula cha mtoto. Meno ninayo bado, na manne yanakutana.

Mama yako. Dole gumba langu hili hapa chini.


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Shikamoo Mama,

Nisamehe. Sikutaka uyapate kwa dereva.

Ni kweli, Mrefu aliungua. Tulikuwa tunabadilisha waya kwenye laini inayopanda kilimani. Yeye alikuwa juu ya nguzo, mimi nilikuwa chini kwenye swichi, na katikati yetu kuna kona, hatuonani. Umeme ulirudi akiwa bado juu. Mkanda wa kupandia ulimshika, hakuanguka. Mkono wa kulia wamemkata juu ya kiwiko. Anaongea, anakula kidogo.

Ofisi inasema hakufunga kufuli. Sijui kama niliwahi kukueleza. Fundi akitaka kupanda, anazima swichi halafu anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, jekundu, lina jina lake. Ufunguo ni mmoja tu, unakaa mfukoni mwake. Hata mkubwa wa ofisi aje na suti, hafungui. Mpaka mwenyewe ashuke, afungue kwa mkono wake. Ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa, kabla hata ya kushika koleo. Ofisi inasema Mrefu aliiruka.

Kuna kikao tarehe 28. Watatoka wakubwa watatu makao makuu. Ikionekana kosa ni lake, anafukuzwa kazi bila chochote, na mkono amepoteza. Mimi ni shahidi. Msimamizi wa kituo ameandaa karatasi.

Mama, naomba usiulize sana. Huku mambo ni mazito. Wasalimie watoto. Ndani ya bahasha kuna kikaratasi cha mke wangu, ni mambo yetu ya watu wawili.

Mwanao.


Jumanne, tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Barua yako imesomwa mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale pale. "Umeme ulirudi." Ulirudi kutoka wapi? Ulikuwa umekwenda harusini? Umeme si mbuzi, mwanangu, haurudi wenyewe jioni ukiona giza. Kuna mkono uliouruhusu. Mimi sikwenda shule hata kuchungulia dirishani, lakini mlango uliofungwa ukikutwa wazi, siulizi mlango, nauliza watu wa nyumba.

Halafu eti Mrefu hakufunga. Mrefu! Mtu anayefunga kamba za viatu mafundo mawili kisha anazikagua. Siku ile aliyolala hapa alirudi mara tatu kuangalia kama banda la kuku limefungwa, na kuku si wake. Nikamwambia, mwanangu, ukioa hivi mkeo atakuwa mfungwa. Leo wananiambia huyo ndiye aliyesahau?

Nimeshajua mimi. Ni huyo msimamizi wako. Nilimwona siku alipokuja kuzindua transfoma yetu: kiatu kinang'aa kijijini kwenye tope, maana yake hashuki garini. Amefungua kufuli la mwenzenu kwa haraka zake, sasa anataka wewe uweke jina kwenye uongo wake. Ndiyo uzito unaousema. Nimekusoma, ingawa sikusoma.

Usitie saini. Wakikutisha na kazi, waambie mama yako alilima kwa wenye mashamba miaka ishirini na mitatu na hakuna hata mmoja aliyemfanya aseme mahindi ni mtama.

Na kwa kuwa wewe unaogopa, mimi siogopi. Namwandikia.

Mama yako. Dole limechafuka kidogo kwa hasira.


Jumanne hiyo hiyo

Kwa Msimamizi wa kituo cha umeme,

Mimi ni mama wa fundi wako, yule mfupi mwenye kovu kidevuni. Hunijui, nakujua. Ulikanyaga boga langu ukizindua transfoma na hukugeuka.

Nasikia una karatasi unataka mwanangu aitie saini, inayosema Mrefu hakufunga swichi. Nakuuliza swali la mtu asiyejua kusoma, kwa hiyo utanijibu polepole: kama hakufunga, kwa nini unahitaji karatasi? Jua likichomoza, kuna anayetafuta shahidi?

Wewe una cheo na gari na mlango wenye jina. Mimi nina miaka sabini na kitu na sina cha kunyang'anywa. Mtu wa namna hiyo ni vibaya kumchokoza. Mwache mwanangu aseme alichokiona.

Nasubiri jibu. Nina nafasi ya kutosha.

Bibi, mama wa fundi. Dole gumba.


KITUO CHA UMEME CHA WILAYA
OFISI YA MSIMAMIZI
18 Machi

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 12 MACHI

Tafadhali husika na somo la hapo juu.

Ofisi imepokea barua yako na imesikitishwa na lugha iliyotumika.

Kwa kuwa umeingilia jambo usilolijua, napenda kukufahamisha yafuatayo. Kijana wako alikwisha kutia saini maelezo ya shahidi tarehe 26 Februari, siku tatu baada ya tukio, kwa hiari yake mwenyewe. Aidha, kufuli la majeruhi halikuvunjwa na ofisi wala mtu wa ofisi. Lilifunguliwa kwa ufunguo wa pili ambao kijana wako alikuwa nao mfukoni kinyume cha kanuni, na aliyewasha swichi ni yeye mwenyewe, kijana wako.

Maelezo aliyoyatia saini yanamlinda yeye kwanza. Bila maelezo hayo anaweza kushtakiwa. Nakushauri, kama mzazi, uiache ofisi ifanye kazi yake kwa faida ya wajukuu zako.

Kuhusu boga, ofisi haina kumbukumbu.

Wako katika kulijenga taifa,

MSIMAMIZI WA KITUO


Jumatano, tarehe 20 Machi

Mume wangu,

Hii naandika kwa mdomo wangu mwenyewe, Mama hayupo.

Barua ya msimamizi ilikuja jana. Nilidhani nitaisoma kwanza peke yangu, lakini alikuwa kashaona bahasha, akavuta kigoda akakaa mbele yangu kama yuko mahakamani. Nilipofika pale pa wewe kuwasha, nikaacha kusoma. Akaniambia, "Soma." Nikasoma. Akaniambia, "Tena." Nikasoma tena. Halafu akanitazama usoni, akauliza, "Na wewe ulijua?"

Ningemwambia nini? Nilijua tangu kile kikaratasi chako. "Nilifungua mimi, usimsomee Mama." Siku kumi nimekaa nalo. Yale maneno yote ya kukutetea, na ile barua ya kumtukana msimamizi, nimeyaandika kwa mkono huu nikijua hayana miguu. Mkono ulikuwa unaandika "mwache mwanangu aseme alichokiona" na moyo unaniambia, mwanamke, wewe ni mwongo wa kulipwa, na hata hujalipwa.

Sikukusema kwa sababu ulinipa siri kama mtu anayempa mwenzake mtoto amshike kidogo, kisha harudi kumchukua. Usifanye hivyo tena.

Amekwenda shambani tangu alfajiri. Hajala. Watoto wanadhani amefiwa.

Mke wako.


Alhamisi, tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Nimelima jana mpaka jembe likaomba radhi. Sasa naweza kusema.

Kwanza mkeo. Ukimtwika tena mzigo wa kunificha mimi, nitakuja huko kwa miguu. Nimemwomba radhi kwa jicho nililomtupia. Amelia, mimi nikalia, mdogo naye akalia kwa kutufuata, tukaishia kucheka.

Pili, mimi. Nimemtukana mtu kwa kosa la mwanangu. Msimamizi ana mengi, nitayafikia, lakini hilo la kufungua nilimbandika bure. Nimeaibika. Aibu haijaniua, unaona naendelea kuongea.

Tatu, wewe. Nilikubeba mgongoni hadi zahanati mvua ikinyesha, una homa, unanitapikia shingoni. Sikukutupa kwa matapishi, sikutupi kwa hili. Huna mama wa kupoteza kwa kusema kweli. Unaye wa kupoteza kwa kunidanganya.

Sasa niambie yote. Nani alisema nini, ulisimama wapi, mkono gani. Ulikuwa na ufunguo wa nini? Aliyekuambia uwashe ni nani? Maana mfupa mwingine nimeuona kwenye barua ya huyo bwana: amesema ulifungua, amesema uliwasha, lakini hakusema kwa nini. Mtu msomi hivyo, kasahau neno moja?

Mama yako. Dole.


Jumapili, tarehe 24 Machi

Mama,

Nimeanza barua hii mara nne. Hizo tatu nimezichoma.

Ufunguo alinipa Mrefu mwenyewe, miaka mitatu iliyopita. Siku moja alidondosha wake kutoka juu ya nguzo, tukautafuta kwenye majani mpaka saa kumi jioni na vijiji viwili viko bila umeme. Akakasirika, akaenda kwa fundi wa kufuli akachonga wa pili. Akanipa. "Wewe ndiye mfuko wangu wa pili," alisema. Tulijua ni kinyume cha sheria. Tulijiona wajanja. Mafundi wengi wa vijijini wanafanya hivyo, Mama, kwa sababu sisi tuko wawili wawili na ofisi iko mbali.

Siku ile kulikuwa na mkubwa anazindua pampu ya maji kijiji cha juu, saa nne. Saa nne kasorobo msimamizi akanipigia kwa redio ya upepo ya gari. "Washa." Nikamwambia Mrefu yuko kazini. "Bado tu? Washa, watu wamekaa kwenye viti." Nikamwambia kufuli ni la Mrefu. Akasema, "Usinifanye mtoto, najua unao ufunguo wake." Nikasema niende kwanza nikamwangalie, ni dakika kumi kwa miguu kuzunguka kona. Akasema sina dakika kumi.

Nikageuka. Juu ya boneti ya gari nikaona mkanda wake wa kupandia, umekunjwa kama anavyoukunja yeye, mara mbili kisha chuma chake cha kufungia juu. Mkanda ukiwa chini, fundi yuko chini. Kwetu sisi hiyo ni kama kuona viatu vya mtu mlangoni. Nikajua kashuka, kaenda kujisaidia. Nikafungua, nikawasha.

Ulikuwa mkanda wa zamani. Wiki ile walikuwa wamempa mpya, ameuvaa.

Nilisikia, Mama. Sitaandika nilichosikia.

Siku ya tatu msimamizi aliniita ofisini, akafunga mlango. Akasema kuna njia moja sote tunaponea: Mrefu hakufunga. Kufuli alikwisha kulichukua yeye siku ile ile ya ajali. Akasema mwakani nitakuwa mkuu wa kikosi. Nikatia saini. Kalamu ilikuwa ya kwake.

Nikisema kweli sasa, nafukuzwa, labda nafungwa. Watoto watatu, mke, wewe. Mkono wa Mrefu hautaota hata nikisema. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Naomba unisaidie kunyamaza. Kikao ni Alhamisi.

Mwanao.


Jumatatu, tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Lori linaondoka saa sita, kwa hiyo sikiliza haraka.

Aliyesema maji yakimwagika hayazoleki hajawahi kupiga deki. Mimi nimezoa maji maisha yangu yote, kwa tambara, nikipiga magoti. Hayarudi ndooni, sawa. Lakini huyaachi sakafuni mwenzako ateleze.

Unasema mkono wa Mrefu hautaota. Ni kweli. Basi mkono umeuchukua, unataka na jina lake? Mtu aliyekagua hadi kuku wangu, aende kaburini anaitwa mzembe, na watoto wake waambiwe baba yenu alijitakia? Kosa la mkanda nalielewa. Hata mimi ningeona mkanda ningejua kashuka. Ulikosea kama binadamu saa nne ile. Tarehe 26 hukukosea. Tarehe 26 ulikaa kwenye kiti, ukavuta karatasi, ukaandika.

Na hao wajukuu zangu msiwafanye ngao, wewe na bosi wako. Nimewaona nyote wawili, kila mkikosa neno mnawaita. Wajukuu watakula. Hapa kuna jembe, kuna mikono sita ya watu wazima ukija na ya kwako. Tutakula mboga tupu tukiwa tumenyoosha shingo. Ukifungwa, nitawaambia baba yenu kafungwa kwa sababu alisema kweli kwa kuchelewa. Hilo linasemeka mezani. Lile jingine halisemeki.

Nilitaka nije. Leo asubuhi nilipanda lori, nikakaa mbele, kitambaa kichwani, mkeo ananifungia chakula. Halafu nikashuka. Nikija nikakaa pale mlangoni, utasema kwa ajili yangu. Sitaki. Wala Mrefu sitamwandikia kumwambia ulichofanya, ingawa kalamu iko hapa na mwandishi yuko hapa. Mdomo ni wako. Nilikuzaa nao.

Mwambie na yule bwana wa kiatu, haraka ilikuwa ya kwake. Usiubebe mzigo wote mwenyewe ukajifanya shujaa. Chako chukua, chake mpe.

Mama yako.

(Mume wangu, na mimi naongeza: nakubaliana na kila neno. Hili sikulirembesha.)


Ijumaa, tarehe 29 Machi

Shikamoo Mama,

Nimesema.

Walikaa watatu, mwanamke mmoja katikati na miwani, ndiye mwenyekiti. Msimamizi akasoma yale maelezo kwa sauti nzuri kama mtangazaji. Mwenyekiti akanigeuzia karatasi. "Hii ni saini yako?"

Nikasema, "Saini ni yangu. Maneno si yangu."

Msimamizi akacheka. Akasema fundi amechoka, alikuwa rafiki wa majeruhi. Mwenyekiti akamwambia, "Sijakuuliza." Akaniambia endelea. Nikaanza na ufunguo, nikaja redio, nikaja mkanda. Nilipofika kwenye kuwasha nikasema, "Mimi, kwa mkono huu." Nikauinua, kama mwanafunzi. Sijui kwa nini niliuinua.

Akauliza nani aliamuru. Nikamwonyesha kwa kidole, Mama. Najua si adabu.

Msimamizi akasema hakuna ushahidi wa redio, ni neno langu na lake. Mwenyekiti akamuuliza, "Kama majeruhi hakufunga, kufuli lake liko wapi?" Akasema halijulikani. Akamuuliza, "Kwenye daftari la swichi, fundi wa zamu ya pili ameandika siku hiyo: kufuli jekundu limechukuliwa na msimamizi. Hukulisoma daftari lako?" Akaanza kutafuta leso.

Amesimamishwa. Mimi nimefukuzwa hapo hapo, nimerudisha kofia na buti. Polisi wameandika maelezo yangu, wamesema nisitoke mjini mpaka waniite. Kikao kimeandika kwamba Mrefu hakuwa na kosa la kutofunga. Atatibiwa na ofisi, na haki yake atapewa. Kwa ule ufunguo wa pili wamempa onyo.

Kutoka pale nilikwenda hospitali. Mkewe alikuwa anamlisha. Nilisimama miguuni pa kitanda nikamwambia yote, kama nilivyowaambia wao. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siku thelathini na tano nimelala hapa najiuliza nilifungaje vibaya. Nimefunga lile kufuli kichwani mara elfu. Nilidhani nimepata wazimu." Halafu akasema, "Toka."

Nikatoka.

Nimepata pa kulala kwa fundi baiskeli karibu na hospitali. Sijui nifanye nini sasa, Mama. Kweli nimesema na bado nimebaki hivi.

Mwanao.


Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Mwanangu uliyenyooka,

Ulitaka upigiwe makofi? Kweli si dawa ya maumivu, ni dawa ya kidonda, na dawa ya kidonda inachoma. Kaa hapo hapo. Kesho nenda tena hospitali. Akikufukuza, toka, kakae kwenye benchi la nje. Kesho kutwa nenda tena. Usimwombe msamaha kila siku, utamchosha, itakuwa na yeye anakulea. Uliza kama kuna maji ya kuchota, kama shuka inataka kufuliwa. Mkewe ana mikono miwili tu, na mmoja anamlisha nao.

Watoto nimewaambia. Mkubwa akauliza kama wewe ni mtu mbaya. Nikamwambia baba yako ni mtu aliyefanya baya, na akasimama mbele za watu akasema ni mimi. Wangapi unawajua? Akafikiri sana. Akasema hamjui hata mmoja. Basi.

Nimetaka kujigamba sokoni, mkeo akanikataza. Nimejigamba kidogo tu, kwa muuza chumvi.

Mama yako.


Siku hiyo hiyo

Mwanangu Mrefu,

Simwombei mtu msamaha kwako. Mwanangu ana mdomo, ameutumia kwa kuchelewa, hilo lenu. Mimi nakwambia langu. Tangu nisikie, sikuamini hata dakika moja kwamba hukufunga. Niliyemdhania alikuwa mwingine, lakini wewe sikukudhania.

Ukinichukia kwa kumzaa, nichukie ukiwa umekula. Nakuletea mayai kwa dereva wa lori. Yakifika yamevunjika, dereva ndiye adui yetu sote.

Bibi.


Jumanne, tarehe 9 Aprili

Mama,

Naandika kwa kushoto, uvumilie. Mke wangu anasema herufi zangu zinatembea kama walevi.

Mayai yamefika saba mazima. Dereva anasema yalikuwa saba. Nakuachia wewe.

Mwanao anakuja kila siku. Nimemfukuza mara tano. Ya sita nilichoka nikamwacha akae kwenye benchi. Anafua, anachota maji, hasemi kitu. Wagonjwa wengine wanadhani nimemwajiri. Juzi mmoja aliniuliza namlipaje.

Sijamsamehe, Mama, nisikudanganye. Usiku mkono usiokuwepo unawasha, na nikitaka kuukuna namkumbuka yeye. Sijui kama nitamsamehe. Na mimi nina ule ufunguo wa pili niliochonga kwa ujeuri wangu, nao nalala nao.

Lakini mke wangu Jumapili anarudi nyumbani kuwaona watoto, siku nne. Mimi bado siwezi kujinyoa, nimeota ndevu kama jambazi, nesi ananiogopa. Daktari anataka nianze kutembea uwanjani na mtu wa kunishika upande huu mtupu, nisipepesuke.

Mwambie mwanao, maana mimi bado siongei naye, aje asubuhi. Asilete maneno. Alete wembe mpya, na sabuni ya povu, ile ya bei nafuu haifai. Na awe mwangalifu shingoni.

Mrefu.